Maji Mazuri Apewe Nani Kwanza?

Jioni ya leo nataka tuzungumze kuhusu maji ya kunywa, na hasa kuhusu zamu. Maji mazuri yakiwa machache ndani ya nyumba, nani anapewa kwanza?

Nyumba nyingi za Arusha na za vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru zina maji ya aina mbili. Yapo ya kila siku, ya bomba, ya kisima au ya mfereji, ambayo ndiyo ya kupikia, ya kufulia na ya kunywa. Na yapo yale mengine: katoni ya maji ya dukani iliyowekwa chini ya meza, dumu la maji matamu lililoletwa kwa pikipiki kutoka chemchemi ya mbali, au ndoo ya maji ya mvua iliyofunikwa vizuri. Haya ya pili yana heshima yake. Akija mgeni, ndiyo yanayofunguliwa. Baba akirudi kazini, ndiyo anayomiminiwa. Mtoto wa miaka miwili anachotewa kwenye ndoo ya jikoni, kwa sababu mtoto hana neno, chochote anakunywa.

Nasema kwa moyo wote kwamba zamu hiyo imekaa kinyume. Katika nchi hii ya Meru, kama kuna mtu mmoja tu ndani ya nyumba anayepaswa kunywa maji ya dukani au ya mvua, mtu huyo ni mtoto ambaye hajafikisha miaka minane. Sababu ni floraidi.

Wengi mnalijua jambo hili kwa sura yake: meno ya rangi ya kahawia, wakati mwingine yenye mistari myeupe kama chaki, wakati mwingine yaliyomomonyoka kwenye ncha. Ukifika Dar es Salaam ukacheka, mtu anakwambia, wewe wa Arusha. Wapo vijana wetu wanaofunika mdomo kwa kiganja wakicheka, wapo mabinti wanaopiga picha midomo imefumbwa. Tumelizoea mpaka limekuwa kama kitambulisho. Na kitu kikishakuwa kitambulisho, watu huacha kukihesabu kuwa ni madhara.

Mlima wetu una urefu wa mita 4,566, na ni volkano. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Mvua inanyesha juu msituni, inazama ardhini, inapenya polepole ndani ya majivu ya kale na miamba ya volkano, na huko inachukua madini. Miamba ya Meru ni ya aina yenye sodiamu nyingi na madini ya chokaa, yaani kalsiamu, kidogo. Chokaa ingekuwa nyingi ingeishika floraidi na kuigandisha humo humo ardhini. Kwa kuwa ni kidogo, floraidi inabaki ndani ya maji na kusafiri nayo hadi kwenye ndoo yako. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ardhini ndivyo yanavyobeba zaidi. Ndiyo maana chemchemi ya juu mlimani mara nyingi huwa na nafuu kuliko kisima cha bondeni, na ndiyo maana visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana.

Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Chukua tangi la plastiki la lita 1,000, lile tunaloliona juu ya minara ya nyumba zetu. Kiwango hicho maana yake ni gramu moja na nusu tu ndani ya tangi zima. Sasa sikiliza. Mwaka 1984 watafiti walichapisha vipimo vya maji ya kaskazini mwa Tanzania, zikiwemo pande hizi za Meru. Mito waliyoipima ilikuwa na kati ya miligramu 12 na 76 kwa lita. Chemchemi zilikuwa na 15 hadi 63. Mabwawa na maziwa ya magadi yalifika hadi 690. Ziwa Momella lenye heroe wazuri hatulinywi, hilo najua. Lakini mito inanywewa, chemchemi zinanywewa, na ng'ombe na mboga vinatumia maji hayo hayo. Hali hii haikuanzia kwetu wala haiishii kwetu. Bonde zima la Ufa, kuanzia Ethiopia, likapita Kenya hadi Malawi, lina watu wanaokunywa maji ya namna hii.

Hapa ndipo akili ya mwanadamu inapopata taabu. Floraidi haina rangi wala harufu. Maji ya magadi utayasikia kwenye ulimi, lakini ulimi unaonja magadi, hauonji floraidi. Mgeni akivuka mto pale Maji ya Chai akaona maji yale ya kahawia, anaogopa kuyanywa. Akipewa maji maangavu ya kisima kirefu yanayotoka yakiwa ya baridi, anamaliza kikombe na kuomba kingine. Lakini rangi haikumwambia chochote kuhusu floraidi, na uangavu nao haukumwambia. Tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba maji salama ni maji yaliyochemshwa, na somo hilo limeokoa maisha ya watu wengi dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo. Endelea kuchemsha. Ila ujue kwamba moto hauiondoi floraidi. Maji yanapanda kuwa mvuke, floraidi inabaki kwenye sufuria. Sufuria ya lita tatu ikichemka mpaka zikabaki lita mbili, floraidi yote ya lita tatu sasa imo ndani ya lita mbili. Mama mwangalifu anayeacha maji yachemke muda mrefu ili mtoto awe salama zaidi anaongeza kile asichokiona.

Twende sokoni Kilombero kidogo. Simama karibu na wauza nyanya usikilize wanunuzi. Nyanya yenye madoa meupe ya dawa ya kupulizia inageuzwa, inafutwa kwa kidole, inarudishwa. Hii imepuliziwa jana, dada, nipe nyingine. Ni hofu ya haki kabisa. Watafiti wa iliyokuwa taasisi ya viuatilifu, TPRI, pale Ngaramtoni, wameandika kwa miaka mingi kuhusu wakulima wadogo wa Arumeru wanaochanganya dawa bila glovu, wanaopata maumivu ya kichwa na ngozi kuwasha. Tena mwenye kuumia zaidi ni yule anayepulizia, kabla hata ya yule anayekula. Lakini mnunuzi huyo huyo aliyeikataa nyanya anarudi nyumbani na kuiosha ile aliyoikubali kwa maji yenye floraidi mara tano ya kiwango, anapikia maji hayo, anamkorogea mtoto uji kwa maji hayo, na moyo wake umetulia.

Sisemi kwamba mnunuzi huyo ni mjinga. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Slovic, aliandika katika jarida la Science kuhusu namna watu wa kawaida wanavyopima hatari, na alionyesha kwamba hawapimi kwa kuhesabu vifo peke yake kama wafanyavyo wataalamu. Wanauliza: jambo hili linatisha kiasi gani? Linajulikana au ni geni? Nimelichagua mwenyewe au nimebebeshwa? Na maswali hayo si ya kipuuzi. Ni maswali ya haki. Dawa ya nyanya ina mtu nyuma yake, mkulima aliyepulizia, duka lililouza, kiwanda kilichotengeneza. Kuna wa kulaumiwa. Floraidi imeletwa na mlima. Na nani atakayeulaumu Mlima Meru, unaotupa mvua, msitu, migomba na kahawa? Wazee wamekunywa maji haya, babu kafika miaka themanini na meno yake ya kahawia, bado anachunga. Hatari isiyo na mkosaji, tuliyozaliwa nayo, tena isiyoua kwa siku moja, inapita chini ya hofu zetu zote.

Lakini kuna sababu nyingine kubwa zaidi, na hii ndiyo iliyonifanya nichague mada ya leo. Ni saa ya meno.

Jino la ukubwani halitengenezwi siku linapochomoza. Linajengwa ndani ya fizi miaka kadhaa kabla. Meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu akicheka, yako katika hatari kubwa zaidi mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Kazi ya kujenga ganda gumu la meno inakuwa imekwisha kwa sehemu kubwa afikapo miaka minane, ukiacha magego ya mwisho. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, ganda linajengwa likiwa na vitundu, halikamiliki. Jino linachomoza mtoto akiwa na miaka sita au saba, likiwa na weupe wa chaki, kisha linaanza kunyonya rangi na kuwa la kahawia. Hapo ndipo mama anaona. Anasema mtoto hapigi mswaki. Anampa mkaa, anampa chumvi, wengine wanawasugua watoto kwa mchanga mpaka fizi zinatoka damu. Kumbe jambo hilo lilifanyika miaka minne au mitano nyuma, kwenye kikombe cha uji.

Ndiyo maana watu wazima tunajidanganya. Mtu aliyehamia Arusha kutoka Tabora akiwa na miaka ishirini anakaa hapa miaka kumi, anakunywa maji yetu, meno yake hayabadiliki. Anasema maji haya hayana shida. Kwa meno yake amesema kweli, kwa sababu yalikwisha kukamilika kabla hajafika. Lakini ushahidi wake hauna uzito wowote kwa mtoto wake aliyezaliwa hapa Levolosi.

Jambo hili liliwahi kuwasumbua Wamarekani kwa miaka thelathini. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Aliwauliza sababu. Wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine wakasema ni maziwa mabaya. McKay alichunguza akagundua kwamba waliozaliwa pale wanapata na waliohamia wakiwa watu wazima hawapati. Alishuku maji, lakini vipimo vya wakati ule havikuonyesha kitu. Katika miaka ya 1920 aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, ambako watoto walianza kupata meno hayo baada ya bomba jipya kuleta maji ya chemchemi ya moto. McKay hakuwa anajua bado kilichomo ndani ya maji yale. Hata hivyo akawashauri wazazi waachane na bomba lile wachote kwingine, na wakamsikiliza. Baada ya miaka michache, meno ya ukubwani ya watoto wadogo yalichomoza bila madoa. Jina la floraidi lilikuja kupatikana mwaka 1931, na aliyelipata ni mkemia wa kampuni ya alumini, Alcoa, aitwaye Churchill. Kampuni hiyo ilikuwa inaogopa watu wasije wakadai sufuria zake zina sumu.

Naipenda habari ya Oakley. Wazazi wale hawakusubiri mtu awape jina la sumu. Walitazama watoto wao, wakaangalia bomba lilifika lini, wakaamua. Sisi jina tunalo, vipimo tunavyo, na bado tunamimina.

Sasa niwaambie habari ya viwango, maana hapa Serikali nayo ina jambo lake. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa viwango vya muda vya maji, na kwa vijijini floraidi iliruhusiwa hadi miligramu 8 kwa lita. Nane. Baadaye ikashushwa ikawa 4. Mwaka 2018 ndipo kiwango cha taifa kikawa 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Je, miili ya Watanzania ilikuwa migumu mwaka 1974 ikalainika mwaka 2018? Hapana. Namba ile ya nane ilitokana na uchache wa maji. Kama wangeweka 1.5, wangelazimika kufunga vyanzo vingi vya mikoa hii bila kuwa na kingine cha kuwapa wananchi. Mtu anayekosa maji kabisa atachota kwenye dimbwi, na dimbwi litamuua mtoto kwa kuhara kabla hata meno hayajaota. Kwa hiyo waliamua kubeba hatari moja ili kuepuka nyingine, na siwalaumu kwa kuamua. Kosa ninaloliona ni kwamba mwananchi aliambiwa maji haya yanaruhusiwa, akasikia maji haya ni salama. Hakuna aliyemfafanulia kwamba namba ile ilikuwa ni mapatano kati ya afya yake na mfuko wa nchi, na kwamba anayelipia mapatano hayo ni mtoto mdogo. Angeambiwa hivyo, angeweza kuongeza tahadhari yake mwenyewe nyumbani.

Hata hiyo 1.5 isichukuliwe kama ukuta. Shirika lenyewe linazitaka nchi zitazame watu wake wanakunywa maji kiasi gani. Mvuna mpunga au mchimba mchanga wa Oljoro anayefanya kazi juani anakunywa lita nyingi kuliko mtu wa ofisini katika nchi ya baridi, na dozi yake inapanda hata kama namba ya kwenye maji ni ile ile.

Na maji siyo mlango pekee. Upo mlango wa magadi, msikilizaji, na hapa najua naingilia mapishi ya watu. Makande bila magadi, maharage bila magadi, kiburu bila magadi, wengine watasema si chakula. Magadi yanalainisha haraka, yanaokoa kuni na mkaa. Lakini magadi ya pande zetu hizi, hasa yale yanayokwanguliwa juu ya udongo na kando ya maziwa, yana floraidi nyingi, na watafiti wa meno wamewakuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata mahali ambapo maji hayakuwa na tatizo. Walipofuatilia wakafika kwenye magadi. Loweka maharage usiku kucha. Makande nayo uyaloweke. Na chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa kisiguswe na magadi kabisa.

Nimetaja ziwa. Hapa kuna habari njema. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mwili wa mama unamkinga mtoto. Miezi sita ya kunyonya bila kupewa maji wala uji, kama kliniki wanavyofundisha, ni miezi sita ya ulinzi. Ulinzi huo unafunguka siku ile uji wa kwanza unapokorogwa.

Meno ni dalili tu inayoonekana. Mifupa nayo inapokea. Mahali floraidi ilipo juu sana, mtu akinywa miaka mingi, mgongo unakakamaa, magoti na nyonga vinauma, na kwa watoto miguu inapinda. Katika kijiji cha Tindigani, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, watafiti wameandika kuhusu watoto wenye miguu iliyopinda wanaokunywa maji ya floraidi nyingi, na Oldonyosambu, ukielekea Namanga, wazazi wanaijua hali hiyo kwa macho yao. Si kila matege ni ya floraidi. Ukosefu wa kalsiamu mwilini na wa vitamini ya jua nao hupindisha mifupa. Lakini vitu hivi vinasaidiana kuharibu. Mtoto asiyepata maziwa, dagaa na chakula cha kutosha anaumizwa zaidi na maji yale yale anayokunywa jirani yake anayeshiba.

Jitihada zipo na nisizifiche. Wizara ya Maji ina kituo cha Ngurdoto, ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa kikifundisha kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa katika tanuri kwa kipimo, inasagwa, inawekwa ndani ya ndoo au tangi, maji yanapita humo na floraidi inashikwa. Wenzetu wa Nakuru nao wametumia njia hiyo. Mhandisi Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hapa hapa Arusha, mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio linalotumia mchanga na chembe ndogo sana zinazotengenezwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Na jiji lilipata mradi wa maji wa takriban shilingi bilioni 520, kwa fedha nyingi kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliochimba visima vipya hata upande wa Hai ili maji yenye floraidi ndogo yaingie kwenye mtandao. Kwa watu wa mjini hilo ni jambo kubwa sana.

Ila chujio la mkaa wa mifupa lina tabia ambayo lazima uijue kabla hujanunua. Linachoka. Baada ya miezi, kutegemea floraidi iliyomo na ndoo unazochuja, mkaa unakuwa umejaa na hauwezi kushika tena. Siku hiyo maji hayabadiliki rangi wala ladha. Yanaendelea kutoka yakiwa safi machoni, na familia inaendelea kuyaamini. Chujio lisilo na tarehe ya kubadilishwa na mtu wa kupima ni la kutuliza moyo tu. Muuzaji akikuuzia, muulize kwanza: nitajuaje limechoka, na utakuja kulipima lini?

Turudi kwenye zamu. Nyumba ya watu saba wa Kikatiti haiwezi kununua maji ya dukani ya kuwatosha wote mwaka mzima. Haiwezi, na anayewaambia wafanye hivyo hajui bei ya mahindi. Lakini fanya hesabu ya mtoto peke yake. Mtoto wa chini ya miaka mitano, kunywa, uji, supu na chai yake, lita tatu kwa siku zinamtosha na kubaki. Tangi la lita 1,000 likijazwa maji ya mvua litamtunza siku 333. Paa la bati la mita tano kwa sita, mvua ya milimita 40 tu, linajaza tangi hilo, ukiacha maji ya dakika za mwanzo yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Milimita 40 kwa masika ya Meru ni mvua ya siku chache. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Yachemshe kwa ajili ya vijidudu, basi. Usipokuwa na tangi kuna mapipa, na usipokuwa na mapipa kuna madumu. Hata miezi minne ya maji ya mvua kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, yaani umri ule ule ambao meno ya mbele yanajengwa, ina thamani kubwa kuliko katoni zote utakazomfungulia akiwa kidato cha nne.

Najua inavyoshtua kumpa mgeni maji ya kawaida wakati mtoto anakunywa ya chupa. Tumelelewa kwa mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni wetu ni mtu mzima. Glasi moja ya maji ya bomba haimdhuru meno wala mifupa. Ukimweleza kwa nini, mgeni mwenye utu ataelewa, na pengine atakwenda kufanya hivyo kwake. Na mama mkwe akiuliza, mwambie kwa upole kwamba maji ya mjukuu wake yana jina la mjukuu.

Kuna swali ambalo wasikilizaji huniuliza sana: mbona dawa ya meno inatangazwa kwamba ina floraidi? Ni kweli ina. Kiasi kidogo kikigusa jino lililokwisha kuota kinasaidia lisitoboke, na Wamarekani tangu mwaka 1945, wakianzia mji wa Grand Rapids, wamekuwa wakiongeza floraidi kidogo kwenye maji yaliyoikosa, mwanzoni karibu miligramu moja kwa lita. Sisi tunayo ya ziada bila kuongezewa. Kitu ni kile kile, kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na madhara. Mtoto apige mswaki, dawa iwe kidogo mno, kama punje ya mchele akiwa chini ya miaka mitatu, na ateme, asimeze.

Bangladesh walichimba mamilioni ya visima ili watoto wasife kwa kuhara, wakafanikiwa, kisha wakagundua vingi vina sumu ya aseniki, nayo haina rangi wala harufu. Walifanya jambo rahisi ambalo nalitamani hapa. Walipima visima, wakapaka rangi midomo ya pampu: nyekundu kwa kisima kibaya, kijani kwa kizuri. Mama asiyejua kusoma akajua achote wapi maji ya kunywa na wapi maji ya kufulia. Wengi waliokuwa na pampu nyekundu walianza kwenda kwa jirani mwenye kijani.

Sisi tunazo maabara za maji za Serikali zinazopima floraidi, tunazo mamlaka za maji, AUWSA mjini na RUWASA vijijini, na vipimo huchukuliwa. Vipimo hivyo vinakaa kwenye mafaili. Mchotaji wa King'ori au Leguruki anafika kwenye kioski, analipa, anajaza ndoo, na hakuna maandishi yoyote yanayomwambia maji yale yana miligramu ngapi na yalipimwa lini. Naomba kila kioski, kila kisima cha jumuiya na kila bomba la shule ya awali kiandikwe namba ya floraidi na tarehe ya kipimo, na kipakwe rangi, kwa ukubwa ambao mama mwenye ndoo kichwani ataisoma bila kuitua. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ombi hili liingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na aliyelisikia hapa ndiye alisimamie.